Waya wa Kijani

Kila jioni, kabla ya kuturuhusu kutoka, Nyapara alitupanga mstari mlangoni pa karakana na kutuamuru tuinue mikono. "Vidole!" Tulikuwa wanaume kumi na wanne, wengi wetu wenye wake na watoto, wawili wakiwa wazee wa kanisa, na tulisimama pale kama watoto wa darasa la kwanza, tukimwonyesha kiganja halafu mgongo wa mkono. Alipita akihesabu kwa midomo bila sauti. Akifika mwisho alisema, "Mia na arobaini. Nendeni." Hakuwahi kutuambia asante kwa kazi. Alichotaka kujua ni kama tumebaki na vidole vyote, kwa vile mtu asiye na vidole hawezi kurudi kesho.

Vyake havikuhesabiwa. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kiliishia kwenye kiungo cha kati, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kilipopotelea kipande kile. Alitoka ukoo gani na alizaliwa wapi, hayo watayasema waliompenda, kama wapo. Mimi nilimfahamu kwa miaka mitano ya kazi na mchana mmoja wa Makambako, na sikumpenda siku hata moja.

Karakana ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Yakobi, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Njombe mjini. Mwenyewe alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana tu. Tulitengeneza milango na madirisha ya nyumba za maofisa wa serikali na za walowezi. Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza, vita vimekwisha, na makabuti ya jeshi yanauzwa sokoni pamoja na viazi. Bwana alikuja asubuhi, akatazama, akaondoka. Siku nzima iliyobaki ilikuwa mali ya Nyapara.

Alitembea na viatu vya jeshi vyenye misumari chini, na kwenye sakafu ya saruji vililia ko, ko, ko. Suruali yake ilinyooshwa kwa pasi hata siku za matope. Ndani ya karakana alipiga marufuku Kibena. Yeye alikuwa Mbena kama sisi, mama yake tulimwona kanisani, lakini jeshini alijifunza Kiswahili cha amri na hakutaka kingine. Siku moja mzee mmoja wa watu alimsalimu "Kamwene" pale mlangoni, kwa heshima zote, naye akamjibu, "Hapa ni kazini, mzee. Ukitaka kamwene nisubiri nje ya uzio." Mzee yule alitikisa kichwa na kwenda zake. Sisi tuliona aibu kwa niaba yake, yeye akaendelea kupima ubao.

"Umeme haujui Kibena," alituambia baadaye. "Nikisema chomoa, nataka wote kumi na wanne msikie neno moja na mlifanye palepale. Sitaki mtu aanze kumuuliza jirani yake nimesemaje."

Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote. Kila ubaya wake ulikuwa na sababu nzuri. Mtu mbaya asiye na sababu unaweza kumcheka ukifika nyumbani. Nyapara ukimlalamikia kwa mkeo, mke anakuuliza, "Kwani amesema uongo?" Unabaki unakodoa macho kama mjinga.

Chukua habari ya kabuti langu. Wasioijua Njombe hawaijui baridi ya Juni na Julai. Asubuhi sakitu imelala juu ya majani kama chumvi, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, na ukishika chuma unahisi kinakushika wewe. Nilinunua kabuti la jeshi, zito, la kijivu, mikono yake ikifunika mpaka vidole. Nilikwenda nalo kazini Jumatatu nikijiona mtu. Nyapara alinitazama, akachukua mkasi wa kukatia turubai, akauvuta mkono mmoja wa kabuti na kuukata kwenye kiwiko, kisha wa pili. Mbele ya watu wote.

"Sasa vaa," alisema. "Ncha ya mashine inayozunguka ikinasa mkono wa kabuti, haitakata kitambaa. Itakuvuta wewe."

Watu walicheka, maana kicheko cha namna hiyo hakizuiliki. Nilisimama pale viwiko vyangu viko nje kama miguu ya kuku. Mikono ile miwili ya kabuti hakuitupa. Mmoja alipigia viatu rangi, na wa pili aliushona upande mmoja ukawa mfuko wa kulazia bisibisi ya umeme. Kwa hiyo wakati mimi natetemeka, mashine ilivaa kabuti langu.

Niiseme hiyo bisibisi, kwa sababu ndiyo iliyotuvunja. Ilikuja kwenye sanduku la mbao lililojaa nyasi kavu. Mwili wake ulikuwa wa chuma tupu, mzito kama jiwe la kusagia, na waya mrefu mweusi wa mpira ulitoka kwenye mpini kwenda kwenye soketi ya jenereta. Skurubu ambayo fundi angeikaza kwa mkono mpaka mshipa wa shingo utoke, ile iliimeza kabla hujamaliza kupiga chafya. Siku ya kwanza Nyapara hakuturuhusu kuigusa. Aliifungua plagi, akatuita tuizunguke meza, akatuonyesha nyaya tatu zilizokuwa ndani.

"Mwekundu unaleta," alisema. "Mweusi unarudisha. Na huu wa kijani?"

Aliuinua kwa ncha ya kidole.

"Huu haufanyi kazi. Unakaa tu, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Unangoja siku moja. Siku hiyo umeme ukitoroka ukaingia kwenye chuma ulichoshika, huu unaukamata, unaupeleka ardhini, fyuzi inakatika, na wewe unarudi kwa mkeo. Umeme hauna mjomba. Mjomba wako ni huu hapa wa kijani."

Tulicheka kidogo. Yeye hakucheka. Jioni ile alipaka ubao rangi nyeupe na kuandika amri kumi na moja kwa herufi kubwa za buluu zilizoinama zote upande mmoja kama watu wanaopanda mlima. Chomoa plagi kabla ya kubadili ncha. Chomoa kwa kushika plagi, usivute waya. Usibebe mashine kwa waya wake. Kidole mbali na swichi unapochomeka. Mti ubanwe kwenye jiriwa, usishikwe kwa mkono. Simama juu ya ubao mkavu. Mikono mikavu. Usivae kabuti lenye mikono mirefu. Kagua waya kila asubuhi kwa macho na kwa vidole. Usiiweke chini kabla haijaacha kuzunguka. Na ya kumi na moja, iliyotuudhi kupita zote: waya unyooshwe, usikunjwe.

Kati yetu aliyezijua vizuri amri zile ni mtu ambaye hakuweza kusoma hata moja. Elia alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi ambaye mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya wengi. Hakupata kukaa darasani. Alinitaka nimsomee ubao ule mara tatu, akawa amezishika zote kwa mpangilio wake, akizitaja kwa kugusa vidole. Vikimwishia vya mikono, ya kumi na moja aliitajia kwenye pua. Tulipobishana kuhusu amri yoyote, tulimuuliza Elia.

Naye, pamoja na sisi sote, aliivunja ya kumi na moja kila siku ya baridi.

Waya mrefu ukikunjwa mviringo, na mashine ikawa inafanya kazi muda mrefu, unapata joto. Aligundua nani sijui. Ninachojua ni kwamba kufika majira ya pili ya baridi tulikuwa na desturi: Nyapara akitoka nje, waya unakunjwa haraka mizunguko kumi au kumi na mitano chini ya benchi, na anayefunga skurubu anaweka nyayo zake juu yake. Tuliuita jiko. Tulipeana zamu za jiko kwa haki, na mtu aliyekuwa na mafua alipewa mbili. Tukisikia ko, ko, ko, mguu mmoja unaupiga teke waya unanyooka, na kila mtu anakuwa mwema. Alitunyang'anya makabuti, tukajipatia joto kwenye waya wake. Tulijiona wajanja sana.

Alitukamata mara nyingi. Alipiga kelele mpaka mate yakaruka. "Mpira unapikika! Mnaupika mpira mlio nao miguuni!" Mtu aliyekamatwa alifagia karakana peke yake wiki nzima. Kwetu Nyapara alikuwa anapiga kelele kuhusu kila kitu, kwa hiyo na hii tuliiweka pamoja na nyingine. Mtu akikuambia asubuhi mpaka jioni kwamba utakufa, mwishowe unaacha kumsikiliza.

Kwa shingo upande nitasema na hili. Mtoto wa Elia alishikwa na degedege mchana wakati sisi tuko kazini, na habari ilipofika Nyapara hakungoja kuulizwa. Alimpa Elia baiskeli yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuiegemea, ampakie mkewe na mtoto mpaka hospitali ya misheni. Mtoto akapona. Kesho yake Elia aliirudisha baiskeli akiwa na kuku wa shukrani mkononi. Nyapara akautazama mnyororo, akamtukana kwa sababu ya matope, akamwambia kichwa chake ni cha kuwekea kofia tu. Kuku alimkataa. Elia alirudi na kuku wake, akaniambia, "Mlamu, yule mtu ukimshukuru unamwumiza." Nilimwambia aache kumtetea.

Sasa nifike kwenye kile ninachomshitakia.

Mwezi wa sita wa mwaka wa nne, mtu mmoja alichomoa plagi kwa kuvuta waya, plagi ikagonga ukuta na kupasuka. Plagi mpya ya meno matatu ilibidi iagizwe Dar es Salaam, na Bwana alikuwa anangoja milango ishirini ya nyumba moja kubwa. Aliingia karakana akiwa mwekundu usoni, akasema maneno mawili matatu ya Kiingereza na kutoka. Watu walipokwenda kula Nyapara aliniita mimi, akanipa taa nimmulikie chini ya benchi kwenye giza la kona. Alikuwa na plagi ya taa ya mezani ya Bwana, ya meno mawili. Alifunga mwekundu, akafunga mweusi. Wa kijani ulibaki unaning'inia, hauna jino la kwenda. Alitoa koleo mfukoni, akaukata, akaufunika kwa utepe mweusi.

"Huo ni ule wa mjomba," nilisema.

"Ni wiki mbili tu," alijibu, bila kunitazama. "Mashine inazunguka bila huu. Usiwatishe watu kwa maneno."

Sikuwatisha. Nilikuwa naogopa kazi yangu, na zaidi ya hapo nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Mtu aliyenikata kabuti mbele ya watu sasa alikuwa amevunja amri kubwa kuliko zote, ambayo hata hakuiandika ubaoni, na mimi ndiye niliyemmulikia. Nilijua jambo lake. Nyani haoni kundule, nilijiambia, na nikalihifadhi jambo lile rohoni nikalitamani kama mtu aliyeficha nyama.

Wiki ya tatu tangu siku ile, asubuhi ya sakitu kali, paa lilikuwa linadondosha maji ya ukungu na sakafu imelowa. Zamu ya jiko ilikuwa yangu. Elia alikuwa anakohoa, nikampisha. Mimi mwenyewe nilimkunjia waya, nikauvuta karibu kabisa na mpini ili mizunguko yote ikae chini ya nyayo zake. Akavua viatu vyake vya matairi apate joto vizuri, akanishukuru.

Alikuwa anafunga bawaba ya mlango wa tisa. Sikusikia sauti yoyote kutoka kwake. Nilichosikia ni mashine ikiendelea kuzunguka bila kukaza kitu, nikageuka, nikaona mkono wake wa kulia umekikumbatia kile chuma na meno yake yako nje. Mpira ulikuwa umepikika pale waya unapoingia kwenye mpini, mwekundu umegusa mwili wa mashine, na hapakuwa na wa kijani wa kuukamata.

Nilinyoosha mikono nimshike. "Usimguse!" Nyapara aliruka kutoka mlangoni, viatu vyake havikulia hata mara moja, akapiga plagi kwa kipande cha ubao mkavu ikatoka ukutani. Elia akaanguka. Kama ningemgusa tungekwenda wawili. Hilo nalo nalijua, na halinisaidii kumpenda.

Elia alikuwa hai. Mkono wake wa kulia haukuwa hai tena. Ulipopona, vidole vilibaki vimejikunja ndani ya kiganja, haviwezi kufunguka kushika hata kijiko.

Jioni ile, Elia akiwa hospitalini, alitupanga mstari kama kawaida. Nilidhani angeona haya na kutuacha. Alipita, akahesabu, akafika mwisho. Midomo yake ilichukua muda. "Mia na thelathini," alisema. "Nendeni."

Tulipotoka nilirudi kuchukua sufuria yangu ya chakula, na kupitia ufa wa ukuta nilimwona amekaa sakafuni. Alikuwa ameiokota ile plagi ya kwanza iliyopasuka, anaifunga kwa waya mwembamba na kuijaza lami ya moto pale penye ufa. Akaurefusha waya wa kijani, akaufunga kwenye jino lake. Haikumchukua dakika kumi. Angeweza kuifanya kazi ile wiki tatu nyuma, na hakuifanya kwa sababu Bwana alikuwa na haraka na yeye alikuwa na hofu kama sisi wengine.

Kesho yake Bwana alitaka taarifa ya ajali. Nyapara alisema, mimi nikaandika, maana hati yangu ilikuwa nzuri. Mfanyakazi alikunja waya. Mfanyakazi alikuwa amekatazwa mara nyingi. Mfanyakazi alivua viatu. Ajali imetokana na uzembe wake. Hapakuwa na neno la uongo. Nilipofika mwisho niliinua kalamu na kumtazama, naye akanitazama, na kila mmoja wetu alijua neno gani halijaandikwa. "Weka nukta," alisema. Nikaiweka.

Taarifa ile nilimsomea Elia hospitalini mimi mwenyewe. Aliisikiliza yote, akaweka alama ya dole gumba la kushoto. "Ni kweli," alisema. "Nilizembea."

Kuanzia hapo neno lile likawa jina lake. Fundi aliyekuwa anaitwa kutengeneza viti vya kanisa sasa aliitwa kushika ncha ya kamba wakati wengine wanapima. Dada yangu, ambaye alimpenda, alilisema wakikosana: "Mzembe wewe, umejilemaza mwenyewe." Wanawe walilisikia. Kilichonichoma zaidi ni kwamba alilisema yeye mwenyewe, tena kwa kutabasamu, akiwaonya vijana: "Msizembee kama mimi." Kila nilipolisikia nilimlaani Nyapara. Nilisema rohoni, yule ndiye mwenye deni la kusema, na asiposema Mungu atamuuliza. Nilimlaani hivyo miaka mingi kwa moyo wangu wote, na mimi na Elia tulikula sahani moja kila Krismasi.

Nyapara aliondoka karakana mwaka uliofuata. Hakuaga.

Nilimwona tena siku zile watu walipoanza kusema Uhuru bila kunong'ona. Mimi na Elia tulikuwa tunarudi na lori la magunia kutoka Makambako. Mlango wa lori ulikuwa umelegea bawaba, dereva akasimama kwenye banda moja la fundi kando ya barabara, pale upepo unapovuma kama umetumwa. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma. Elia aliinua kichwa.

"Ile ni bisibisi," alisema.

Tuliingia. Nyapara alikuwa peke yake, mvi zimemjaa, amevaa shati la mikono mifupi katika upepo ule, anatetemeka. Hakuwa na kabuti. Amesimama juu ya ubao mkavu, waya umenyooka nyuma yake kama kamba ya kuanikia nguo. Mezani ulikuwepo mfuko wa kitambaa cha kijivu nilioutambua kabla sijamtambua yeye. Mkono wa kabuti langu.

Nilimnyima shikamoo. Elia hakumnyima. "Kamwene, Nyapara," alisema.

Nilingoja amwambie hapa ni kazini. Alizima mashine, akangoja ncha isimame, akachomoa plagi kwa kuishika. "Kamwene," akajibu. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Elia.

Ukutani nyuma yake palikuwa na ubao mweupe na herufi za buluu zilizoinama. Elia aliuona, akachangamka kama aliyekutana na rafiki wa zamani. "Bado unazo! Zisome, Nyapara. Tuone kama sijasahau."

Mzee akageuka ukutani, akasoma. Elia alimtangulia kwenye kila mstari, akigusa vidole vya kulia vilivyokunjamana kwa kidole cha kushoto. Walifika ya kumi. Ya kumi na moja Elia akagusa pua yake, akacheka. "Waya unyooshwe, usikunjwe. Hiyo ndiyo yangu."

Nyapara akageuka kutoka ubaoni.

"Endelea," Elia alisema.

"Zimekwisha."

"Mimi sijui kusoma," Elia alisema, "lakini kuhesabu najua. Pale pana mistari kumi na miwili. Umesoma kumi na mmoja."

Jenereta ilinguruma. Nyapara alinigeukia. "Msomee wewe," alisema. "Wewe ndiye mwandishi."

Mstari wa mwisho ulikuwa mpya kuliko mingine, rangi yake imekolea. Nilijua unasema nini kabla sijausoma. Nikausoma: "Waya wa kijani usikatwe kwa sababu yoyote, hata siku moja."

Elia aliurudia kimya, kama alivyozoea anapokariri. "Ule wa mjomba," alisema polepole. "Hiyo umeiongeza kwa nini?"

"Kwa sababu niliukata," Nyapara alisema, kwa Kibena, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima kwa Kibena. "Wiki tatu kabla. Plagi ilivunjika, nikamwogopa Bwana. Wa kijani ungekuwepo, kukunja waya kungekuchoma unyayo tu. Haukuwa uzembe wako. Ulikuwa wangu. Nimeuandika pale tangu nilipofika hapa, na kila anayeingia nataka aniulize. Hakuna aliyeuliza."

"Mimi sisomi," Elia alisema.

"Najua. Kwako ilitakiwa nije mwenyewe. Sikuja."

Elia alikaa juu ya sanduku la misumari. Aliutazama mkono wake, juu na chini, kana kwamba ameuazima. Nilikuwa nimekingoja kitu hiki miaka yote, na sasa kwa kuwa kimekuja nilitaka kumrukia yule mzee, nimtukane matusi yote niliyoyatunza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Uliukata peke yako?" Elia aliuliza.

Nyapara aliinama, akaanza kuunyoosha waya ambao ulikuwa umenyooka tayari. Alikuwa ananificha. Yule mtu, ambaye kuliko wote duniani ningetaka anitaje ili nipate kumchukia vizuri, alikuwa ananificha.

Elia aligeuza uso kwangu. "Mlamu?"

"Nilikuwa nimeshika taa," nilisema.

Dereva alipiga honi. Bawaba yake ilikuwa bado haijafungwa, lakini alisema ataifunga kwa kamba, giza lisimkute njiani. Tulitoka sote watatu. Nilipanda kwanza nyuma ya lori kama kawaida, nikainama, nikampa Elia mkono nimvute, kwa kuwa tangu ajali hawezi kupanda lori bila mtu, na mtu huyo siku zote nilikuwa mimi. Aliutazama mkono wangu. Akaupita, akaenda mbele upande wa dereva. Nyapara alimfuata, akamkingia kiganja chake chenye kidole kilichokatika, na Elia akaweka mguu pale, akashika bega lake, akapanda.

Simpendi Nyapara mpaka leo. Lori liliondoka, yeye akabaki amesimama kwenye upepo na shati lake la mikono mifupi, midomo yake ikichezacheza, na najua alikuwa anahesabu. Elia alikaa mbele na dereva mpaka Njombe. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, viwiko nje, baridi ikiniingia.